Nyumba Moja, Maficho Manne

Katika nyumba ya Timotheo Kalinga, kijijini Kalenga, fedha ilikuwa haitajwi. Ugonjwa ulitajwa. Kifo kilitajwa. Fedha, hapana.

Timotheo alilima vitunguu kando ya mto Ruaha Mdogo. Mkewe Severina alilima pamoja naye. Kila Jumamosi alijitwika kapu la vitunguu akaenda sokoni Iringa mjini. Watoto wao walikuwa wawili. Apolonia alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la nne. Anania alikuwa na miaka sita. Mzee Kasian, baba yake Timotheo, alikaa nao.

Asubuhi moja mwezi wa Novemba, mwaka 1955, Apolonia alisimama mlangoni na begi lake la shule la kitambaa.

"Baba, daftari limejaa. Mwalimu anataka jipya. Senti kumi na tano."

"Sina," alisema Timotheo.

"Mama?"

"Nitoe wapi mimi?" alisema Severina. "Andika pembeni. Si kuna nafasi pembeni?"

"Pembeni nako kumejaa, mama."

"Basi andika kidogo kidogo. Nenda, utachelewa."

Apolonia akaenda. Aliamini kwamba wazazi wake hawana kitu.

Lakini fedha walikuwa nazo. Timotheo alikuwa na noti mbili za shilingi ishirini ndani ya kipande cha mwanzi, juu kwenye paa, penye moshi. Severina hakujua. Severina alikuwa na shilingi kumi na moja ndani ya kibuyu, chini ya chumvi. Timotheo hakujua. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Severina akirudi sokoni, Timotheo aliuliza, "Vitunguu vimeuzwaje?" Severina alijibu, "Vibaya." Timotheo akirudi mjini, Severina aliuliza, "Umenunua nini?" Alijibu, "Ninunue kwa nini? Kwa mate?"

Tabia hii ilianza na mzee Kasian. Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, askari walifika kwake wakachukua ng'ombe tisa. Walimpa karatasi. "Hizi ni fedha, mzee," walisema. Vita vikaisha, Mzungu mmoja akaondoka, mwingine akaja. Kasian akapeleka karatasi zake bomani. Karani alizitazama, akacheka. "Kawashie moto," alisema.

Ng'ombe tisa! Sisi wa nyanda hizi hatusahau mambo kama hayo, wala hatuna sababu ya kusahau. Mtu aliyeibiwa kwa karatasi ana haki ya kuishuku karatasi. Lakini hasira ya mzee Kasian haikwenda kwa karani wala kwa askari. Aliileta nyumbani. Aliwafundisha watoto wake hivi: usimwambie mkeo, usimwambie mwanao, usimwambie hata mama yako. Walioiba ng'ombe wakaenda zao salama. Waliobaki kushukiwa ni watu wa nyumbani.

*

Mwezi wa Desemba majibu ya mtihani yakatoka. Katika wasichana wote wa darasa lile, walichaguliwa wawili tu kwenda shule ya kati ya masista, shule ya bweni. Mmoja alikuwa Apolonia. Barua ilisema: ada ya muhula wa kwanza shilingi arobaini, na kila msichana aje na sanduku la bati. Shule itafunguliwa tarehe kumi na sita Januari. Asiyelipa siku hiyo, nafasi yake atapewa mwingine.

Severina alipiga vigelegele. Halafu akamtazama mumewe.

"Arobaini," alisema Timotheo. "Haya. Tutaona."

Moyoni alifurahi. Arobaini zake zilikuwa zinangoja mwaka mzima kwa ajili ya hiyo hiyo ada. Alingoja mpaka nyumba ikawa tupu. Akapanda juu ya kinu, akachomoa ule mwanzi, akauinamisha.

Ulitoka moshi na mende mmoja.

Timotheo alikaa chini. Hakuweza kupiga kelele, maana angelilia nini? Fedha ambazo kila siku alisema hana? Kwa hiyo alinyamaza, akaanza kuwachunguza watu wake. Severina alivaa kitambaa kipya kichwani. Kitambaa hicho ametoa wapi? Anania alikuwa anatafuna muwa. Muwa huo umetoka wapi? Hata Severina alipomwekea ugali, aliutazama ugali kama shahidi wa uongo.

Siku ya nne, Apolonia alikuwa anatwanga mahindi. Kila mchi uliposhuka, kitu kililia: chwa, chwa, chwa.

"Acha kutwanga," alisema Timotheo.

Mlio ukaacha.

"Twanga."

Chwa, chwa.

"Mama Apolonia! Njoo! Mtazame mwanao kiunoni!"

Severina alimpeleka msichana ndani. Alitoka akiwa na kamba nne mkononi. Zilikuwa senti kumi kumi, zile zenye tundu katikati, zimetungwa kama shanga. Kila kamba ilikuwa na sarafu kumi. Kamba moja, shilingi moja. Zote nne, shilingi nne.

"Mwizi!" alisema Timotheo. "Mwizi ndani ya nyumba yangu!"

Severina hakuwaza wizi. Aliwaza jambo baya zaidi. Alimshika mwanawe mabega.

"Niambie kweli. Mwanamume gani amekupa?"

"Hakuna mwanamume, mama. Zangu. Nimeuza uyoga."

"Uyoga gani? Kwa nani?"

"Wa porini. Mvua za mwaka jana, na hizi za sasa. Nikitoka kuokota kuni napitisha kwa Bi Mwantumu, pale barabarani. Kila fungu senti kumi."

"Bi Mwantumu!" Timotheo alicheka kwa hasira. "Sasa nimeelewa. Mswahili wa pwani amekufundisha kuiba, kisha akakuvunjia noti zangu."

"Noti zipi?" aliuliza Severina.

Timotheo akajifanya hakusikia. "Kwa nini ulificha, kama ni zako?"

Apolonia alitazama chini. "Shangazi alinipa sumuni, senti hamsini, siku ya komunyo. Uliichukua, baba. Ulisema utanirudishia. Nilipokuuliza ulisema mtoto hana fedha."

Neno hilo lilimchoma. Na mtu akichomwa na kweli, mara nyingi hupiga kelele zaidi.

"Hakuna shule! Sisomeshi mwizi. Kesho kutwa kuna gari la mchele linarudi Ubaruku. Utakwenda kwa shangazi yako ukalinde ndege kwenye mpunga. Mzee, nasema vibaya?"

Mzee Kasian alikuwa kwenye kigoda chake, anachonga mpini wa jembe. Hakuinua kichwa.

"Nyumba ni yako," alisema.

*

Siku iliyofuata Severina alikataa kufunga mzigo wa mtoto.

"Kwanza twende kwa huyo mwanamke," alisema. "Nataka kumwona usoni. Akidanganya, nitajua. Mimi nauza sokoni miaka tisa, uongo naujua kwa harufu."

Wakaenda wote watatu, baba, mama na mtoto.

Bi Mwantumu alikuwa na hoteli ndogo ya chai kando ya barabara ya kwenda mjini. Wazazi wake walitoka Bagamoyo zamani, lakini yeye alizaliwa Iringa, na Kihehe alikijua kuliko Wahehe wengine. Alikuwa anakaanga maandazi.

"Kamwene," aliwasalimu. "Karibuni. Apolonia, leo umeniletea wageni badala ya uyoga?"

"Hatukuja kunywa chai," alisema Timotheo.

"Chai hainywewi kwa sababu mtu amekuja kuinywa. Kaeni. Chiku! Wape wageni chai."

Chiku alikuwa binti yake, miaka minane. Alileta vikombe vitatu. Timotheo hakutaka kuonekana ombaomba. Akatoa shilingi moja, akaiweka mezani. Chiku aliichukua, akaigeuza pande zote mbili, akasema kwa sauti:

"Umenipa shilingi moja. Chai tatu, senti kumi kumi, ni senti thelathini. Chenji yako senti sabini. Hii hamsini. Hizi ishirini. Hesabu mbele yangu, baba."

Timotheo alihesabu. Zilikuwa sabini.

"Unamwachia mtoto mdogo hivi fedha?" alimwuliza Bi Mwantumu.

"Nimwachie lini? Akiota mvi?"

Severina alicheka kidogo, kisha akakumbuka amekuja kugombana. Akaweka zile kamba nne mezani.

"Hizi unazijua?"

"Nazijua. Nilimpa mimi, moja moja. Nilimfundisha kuzitunga ili asizipoteze. Na nilimwambia, mara tatu, awaambie wazazi wake. Alikataa. Alisema, 'Nyumbani kwetu fedha haisemwi.' Hapo mimi pia nilikosea. Mtoto wa watu anashika fedha yangu mwaka mzima, ilinipasa nije mwenyewe. Unisamehe, dada."

Severina alimtazama usoni muda mrefu. Halafu akashusha pumzi. Hakusikia harufu ya uongo.

Timotheo hakuridhika. "Na noti zangu? Zimepotea noti mbili. Ishirini ishirini. Wewe hukumvunjia?"

Severina aligeuka polepole kama lango lenye kutu.

"Noti mbili za ishirini? Wewe ulikuwa na shilingi arobaini?"

"Zilikuwa za ada."

"Miezi minne nimekula mboga bila chumvi ya kutosha, wewe una arobaini?"

"Na wewe kitambaa kile ulinunua kwa nini? Kwa mate?"

"Bwana Timotheo," alisema Bi Mwantumu, "nikivunja noti ya ishirini kwa senti kumi kumi, nitatoa sarafu mia mbili. Mbili, mia nne. Huyu mtoto ana arobaini tu. Nyingine mia tatu na sitini amezivaa wapi? Angetembea kama punda wa Makongolosi anayebeba mawe ya dhahabu."

Hesabu ilikuwa rahisi. Hakuwa ameipiga, kwa sababu anayeshuku huanza na jibu.

Bi Mwantumu alivuta kigoda, akakaa karibu na Apolonia. "Mwambie baba yako ulikuwa unaweka ya nini."

"Sanduku la bati," alisema Apolonia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Rafiki zangu walisema, ukichaguliwa shule ya bweni lazima uwe na sanduku. Nikawaza, baba kila siku anasema hana. Nilidhani hana kweli. Nikasema nitafute mwenyewe, asihangaike."

Mafuta ya maandazi yalichemka peke yake.

"Umesikia?" aliuliza Bi Mwantumu. "Ulisema 'sina' ili mtoto asikusumbue. Yeye akakuamini, akabeba mzigo wako. Kesho akijua ulikuwa nazo, atajifunza nini? Kwamba fedha na uongo ni mapacha. Naye atawadanganya wanawe."

"Sasa nimwambie nini? Nikimwambia ninazo, si atadai kila kitu?"

"Mwambie, 'Ninazo, lakini zina kazi yake.' Mwambie kazi yenyewe. Hizi za ada. Hizi za kodi. Hizi za mbegu. Hii senti kumi na tano ni ya daftari lako. Mtoto anaelewa neno hilo kuliko mtu mzima. Mimi sikumfundisha Chiku kwa kitabu. Jioni tunahesabu pamoja, mbele ya wote. Ninamwonyesha za unga, za sukari, za kodi ya kibanda. Zikibaki, anajua zimebaki. Zikipungua, anajua kwa nini. Yeye mwenyewe nampa senti tano kwa wiki. Akinunua kashata zote siku moja, simpi nyingine. Alilia wiki mbili. Ya tatu hakulia."

"Watu wataiba wakijua," alisema Timotheo.

"Nani? Mkeo? Mwanao? Bwana Timotheo, kushuku si kubaya. Mimi nashuku kutwa. Namshuku mwenye duka anayepima kwa haraka. Namshuku karani anayechukua fedha bila kuandika stakabadhi. Shuku mizani, shuku kalamu. Lakini hao unawapita kimya kwa adabu, halafu unakuja kumshuku msichana anayetwanga mahindi yako."

Kweli tupu. Ni mara ngapi tumesimama mbele ya mizani ya tajiri, kidole chake kiko juu ya sahani, sisi tumeinamisha macho? Macho hayo hayo hufumbuka vizuri sana nyumbani.

*

Bi Mwantumu alimwacha Chiku kwa jirani, akawasindikiza mpaka Kalenga. Mzee Kasian alikuwa bado anachonga mpini wake.

Severina hakungoja kuambiwa. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu. Akamwaga chumvi juu ya ungo, na ndani ya chumvi zikatoka shilingi kumi na moja.

"Basi," alisema. "Mimi pia nilificha. Niliogopa utazinywea pombe."

"Mimi nakunywa pombe?"

"Hunywi. Lakini ungeanza, ningejuaje?"

Anania alikuja mbio. Alikuwa hajaona fedha nyingi kiasi kile. "Mama, tumekuwa Wahindi?"

Timotheo hakucheka. Alizichukua zile kamba nne, akampa Apolonia mkononi. Halafu akatoa sumuni katika ile chenji ya chai, akaiweka juu yake.

"Hii ni ya shangazi yako. Niliichukua, sikurudisha. Nimekuita mwizi, na mimi ndiye niliyechukua chako. Nisamehe, mwanangu."

"Asante, baba," alisema Apolonia. Alianza kulia. Siku zote hizo hakuwa amelia.

Severina alifuta uso wake kwa kanga. "Lakini arobaini haipo. Kumi na moja si arobaini. Shule itafunguliwa, na mtoto hana ada."

Mzee Kasian aliweka kisu chini.

"Wewe, msichana," alisema. "Wamekuita mwizi, wamekuambia uende Ubaruku. Kwa nini hukukimbia na fedha zako?"

"Nikimbilie wapi, babu? Hapa ndipo kwetu."

Mzee alisimama. Magoti yalilia. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya kihenge cha mahindi, akachimba. Alirudi na chungu kidogo. Ndani yake zilikuwa shilingi za chuma tupu.

"Ni mimi," alisema. "Niliona noti kwenye mwanzi. Nikasema, huyu mjinga anaweka karatasi. Karatasi inakufa. Nikazipeleka mjini kwa mwenye duka, akanibadilishia chuma."

"Baba!" alisema Timotheo. "Jana ulikaa pale pale nikimhukumu mtoto. Ulinyamaza!"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

Mzee alifikiri. "Nilisema, nikijitaja, watajua nina chungu. Nikachagua chungu." Akamtazama Apolonia. "Ni vibaya. Mimi ni mzee, na ni vibaya."

Wakahesabu. Apolonia alihesabu kwa sauti. Thelathini na nane.

"Hesabu tena," alisema Timotheo. Akahesabu tena. Thelathini na nane.

"Yule mwenye duka alisema kazi ya kubadilisha ni shilingi moja kwa kila noti," alisema mzee.

Bi Mwantumu alipiga mkono juu ya paja. "Kubadilisha noti hakulipiwi, mzee wangu! Amekuibia shilingi mbili mchana kweupe!"

"Nilikwenda kwa siri," alisema mzee Kasian. "Mtu wa siri anaweza kumshtaki nani?"

Hilo ndilo wanalolitaka wezi wote wenye duka na wenye ofisi. Wanataka uje peke yako, kimya kimya, bila mtoto anayejua hesabu.

"Kesho tutakwenda wote," alisema Severina. "Mimi, wewe mzee, na Apolonia. Dukani, watu wakiwa wengi."

Wakaenda. Mwenye duka alikataa kwanza. Apolonia akasema mbele ya wateja wote, kwa sauti ya darasani, "Babu alikupa noti mbili za shilingi ishirini. Ulimpa shilingi thelathini na nane. Zimebaki mbili." Wateja waligeuka. Mmoja aliuliza, "Na mimi juzi ulinikata ngapi?" Mwenye duka alifungua droo haraka sana. Aliziweka shilingi mbili mezani, akasema alikuwa amesahau.

Jioni hiyo, walipopita hotelini kwake, Bi Mwantumu aliwaeleza habari ya kitabu cha akiba cha posta.

"Posta ya nani?" aliuliza mzee Kasian.

"Ya serikali."

"Serikali? Moja niliiona ikiondoka na ng'ombe wangu."

"Basi usiweke zote," alisema Bi Mwantumu. "Weka kidogo. Kila ukiweka, waandike kitabuni na wapige mhuri mbele yako. Apolonia akusomee. Wakikataa kuandika, chukua fedha zako urudi."

Mzee hakukubali siku hiyo. Alisema atafikiri. Mpaka leo bado anafikiri. Lakini chungu chake kimehama. Sasa kinakaa ndani, juu ya rafu, na kila mtu anajua kilicho ndani yake.

Na kila Jumamosi, Severina akirudi sokoni, mkeka hutandikwa. Anamwaga fedha za vitunguu mbele ya wote. Wanazigawa kwa kazi zake: kodi, mbegu, chumvi na sabuni, ada, na akiba ya ugonjwa. Wiki ya kwanza waligombana mpaka kuku wakakimbia. Wiki ya tatu Timotheo aligundua kwamba mkewe anauza vitunguu vizuri kuliko yeye, akamwachia bei zote. Anania hupata senti tano yake. Ya kwanza aliila yote kwa pipi. Walimwacha alie.

Sanduku la bati lilikuwa shilingi saba. Apolonia alitoa nne na sumuni yake, mama akamwongezea zilizobaki. Alichagua la kijani. Aligonga pande zote, akafungua na kufunga komeo mara tano kabla hajalipa.

Tarehe kumi na sita Januari, Timotheo alimpeleka shuleni, sanduku juu ya baiskeli. Fedha alishika Apolonia. Aliingia ofisini, akahesabu arobaini mbele ya sista, akasimama palepale.

"Unangoja nini, mtoto?" aliuliza sista.

"Stakabadhi, sista."

Sista alitabasamu, akaandika. Apolonia aliisoma yote, mpaka tarehe. Kisha akatoka nje, akampa baba yake karatasi ile na fedha zilizobaki za njiani.

"Baba, imebaki shilingi moja na senti ishirini."

"Nimesikia," alisema Timotheo.

Alirudi Kalenga peke yake. Njiani kuna vilabu vitatu vya pombe na maduka mawili. Hakuna aliyejua ana kiasi gani mfukoni. Alifika nyumbani jua linazama, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Severina alimletea maji ya kunywa. Hakuyapokea kwanza. Alisimama mlangoni, akatoa fedha mfukoni, akafungua kiganja mbele ya mkewe, baba yake na Anania.

"Ada imelipwa, stakabadhi hii hapa," alisema. "Imebaki shilingi moja na senti ishirini."

Ndipo akanywa maji.